Baba Alipoita Majina

Shamba la Nambunda, Jumapili, 1 Desemba 1957

Daftari hili alinipa Sista siku ya kufunga shule, akaniagiza niandike kila siku kwa Kiingereza, kisinitoke. Nimejaribu kurasa mbili nikazichana. Kwa Kiingereza sisi sote tunakuwa watu safi mno, tumepangwa kama mabenchi ya kanisani. Nitaandika kwa Kiswahili. Sista atanisamehe, na asiponisamehe hatajua.

Tumehama. Baba si mwalimu tena. Miaka kumi na minane amefundisha shule ya misheni upande wa Milola, na mwaka huu uhedmasta akapewa kijana aliyetoka chuoni na cheti kikubwa, kijana ambaye Baba mwenyewe alimshika mkono kumfundisha kuandika herufi. Baba hakulalamika. Alipeleka barua moja kwenye kampuni ya mkonge, na kampuni ikamjibu kwa taipu. Sasa yeye ni Msaidizi wa Meneja, Mambo ya Wafanyakazi. Ni Mwafrika wa kwanza hapa kuingia ofisini bila ufagio.

Nyumba ina sakafu ya saruji. Mama aliigusa kwa kidole cha mguu akasema, "Baridi kama maiti." Baba alicheka peke yake.

Jumatano, 4 Desemba

Joto. Mvua bado. Embe zimeiva zote kwa mpigo na nzi wamejaa hadi kwenye wino.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimepata rafiki. Niseme kweli, yeye ndiye aliyenipata, maana mimi siwezi kuanza kusema na mtu. Nilikuwa bombani, nikasikia nyuma yangu, "Wewe ndiye binti mwalimu? Mbona ndoo umeibeba kama mtoto wa kuazima?"

Anaitwa Kidawa. Baba yake ni Mzee Likwata, mnyapara mkuu, yule mwenye ndevu nyeupe ambaye watu wote hapa wanampa shikamoo, hata Baba. Kidawa ana mwaka mmoja tu kunizidi lakini ukimsikia utadhani amezaa mara tatu. Amenieleza kambi yote tukiwa tumekaa juu ya magogo, na jambo moja limenishangaza hadi sasa.

Kila mtu hapa ana kadi, wanaiita kipande. Ina vyumba thelathini, siku moja ya kazi chumba kimoja. Ijae katika siku arobaini na mbili, isipojaa imekufa. Lakini watu hawa ni wakulima wa Milola na vilimani. Mvua ikinyesha wanatakiwa kwao wakalime. Basi wanachukua kipande kimoja watu wawili. Mmoja anakata mkonge, mwenziwe yuko nyumbani analima mashamba yote mawili, la kwake na la mwenzake. Kadi ikijaa wanapokezana. Kadi moja, jina moja, watu wawili.

"Sipriani, yule mrefu, ni Huseni," Kidawa alisema.

"Ni Huseni vipi?"

"Kadi ni ya Huseni. Akiitwa Huseni anaitika. Mwaka wa sita huu! Na Ijumaa Bwana Kofia alikuwa anamwachia aende msikitini. Basi anakwenda, anakaa nje kivulini, rozari mfukoni."

"Na Krismasi?"

"Krismasi anakata mkonge, maskini. Huseni ana Krismasi gani?" Akashika mbavu.

Bwana Kofia ni meneja wa zamani. Alitazama kadi na majani ya mkonge, nyuso hakuzitazama. Mzee Likwata ndiye aliyeweka yote kichwani, nani pacha wa nani. Mmoja akiugua, mwenziwe anatumiwa habari, anakuja. Akichelewa kufika na meneja akauliza mtu fulani yuko wapi, mstari mzima unajibu, "Shamba namba sita, bwana." Ni shamba la mbali, njia mbaya, Bwana Kofia hakuwahi kufika.

"Hapa hafukuzwi mgonjwa," Kidawa alisema, kwa kujivuna kama kwamba nyumba ni yake.

Bwana Kofia amestaafu. Aliyepo sasa ni kijana, mpole, haachi kutazama mkono wake wa kushoto. Wamemwita Bwana Saa.

Jumapili, 8 Desemba

Leo baada ya misa Kidawa alikuwa ananingoja nyuma ya ghala la nyuzi. Hakucheka.

"Nina neno la baba yangu kwenda kwa baba yako. Kesho mwalimu anaita mstari mara ya kwanza, na Bwana Saa atakuwapo. Mwambie aite namba za kadi. Majina asiyaite."

"Mzee si amwambie mwenyewe?"

"Likitoka kwa mzee kwenda kwa mzee limeshakuwa shauri. Siku likiulizwa kila mmoja itabidi aseme alilisikia. Likipita kwetu ni maneno ya wasichana. Baba yako atakuwa hakuambiwa, na atakuwa anajua. Umeelewa?"

Nilielewa. Ndivyo mambo mazito yanavyopelekwa huku, hata posa.

Kisha akaharibu. "Useme kweli, usisimame tu mlangoni na vidole mdomoni. Mtu mkubwa hivi, hata kuchezwa hujachezwa." Uso uliniwaka. Anajua sisi wa misheni masista walitukataza ngoma za unyago. Niliondoka bila kumuaga.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa barazani na kalamu yake ya wino, amepewa orodha ya kadi ofisini, anainakili upya kwenye rejista kubwa. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu habari za uhedmasta.

"Njoo uone, Apolonia. Nusu ya hawa ni wanafunzi wangu! Huseni Abdala, huyu hesabu za kutoa alikuwa haziwezi kabisa. Pazi, mtoro. Kesho nitawaita kwa majina yao mmoja mmoja. Yule mzee wa kofia aliwatazama miaka ishirini kama mifugo yenye namba. Huyu bwana mpya aone kuwa ni watu."

Neno lilikuwa kinywani. Nilisimama mlangoni. Sitaki kudanganya daftari langu mwenyewe, vidole vilikuwa mdomoni.

"Unataka kusema nini?"

"Hapana, Baba."

"Basi kesho utanishikia rejista. Una mwandiko mzuri kuliko mimi."

Sijawahi katika maisha yangu kumwambia Baba fanya hivi au usifanye. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili naiandika hapa tu: nilikuwa bado nimemkasirikia Kidawa, na nikafikiri, kwa nini nimchukulie ujumbe.

Jumatatu, 9 Desemba

Manyunyu tangu alfajiri. Saa kumi na mbili watu walikuwa wamejipanga mbele ya banda la mashine ya mkonge, visu vya mkonge mabegani. Bwana Saa amesimama pembeni na mwavuli. Mimi nyuma ya Baba na rejista na kidau cha wino.

"Shikamoo, Mzee Likwata."

"Marahaba, mwalimu. Mmeamkaje?"

Alimjibu Baba lakini macho yalikuwa kwangu. Nilitazama kidau. Nadhani alichukulia kuwa ni haya zangu. Akarudi mahali pake, ametulia, mtu aliyepeleka neno lake likafika.

Baba akafungua na kuanza. Wa kwanza wakaitika. Kisha:

"Huseni Abdala!"

"Nipo!"

Baba akainua kichwa. Niliuona uso wake ukifunguka kama dirisha.

"Sipriani! Sipriani wangu! Tangu lini umekuwa Huseni?"

Hakuna aliyecheka. Sipriani alitazama miguu yake. Baba akamwendea, akamshika bega, akamgeukia Bwana Saa na kumwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya siku ya wageni shuleni, kwamba huyu ni mwanafunzi wake bora, alikuwa akihudumu altareni, anamjua kama mtoto wake wa kumzaa, na kuna kosa kwenye kadi ambalo yeye atalirekebisha leo leo.

Kisha akaendelea. Hilo ndilo ninaloshindwa kuliondoa kichwani. "Na wewe si Pazi, Pazi ana kovu hapa. Na wewe je?" Watu wanadhani hakuwa mjinga kiasi hicho, alijua analofanya. Lakini mimi nilikuwa nyuma yake, niliona mgongo wake. Alikuwa anasahihisha. Miaka kumi na minane anasahihisha, mkono haujui kuacha. Alifika mtu wa kumi na moja ndipo Mzee Likwata akakohoa, na Baba akasimama katikati ya jina, kalamu juu. Nadhani hapo ndipo alipoona.

Bwana Saa akatazama saa yake. Kwa Kiswahili chake cha kitabuni akauliza, "Huseni mwenyewe yuko wapi?"

Mzee Likwata akajibu: "Shamba namba sita, bwana."

"Na Pazi?"

"Namba sita, bwana."

Bwana Saa akaingia ndani ya gari yake, akaenda. Tulimngoja mvuani saa nzima na zaidi, watu sabini na wawili na mimi. Hakuna aliyesema na Baba. Aliporudi matairi yalikuwa mekundu kwa tope. Akasema, taratibu tu, kwamba shamba namba sita halijakatwa kwa miaka miwili na nyasi zimempita kichwa.

Jumanne, 10 Desemba

Mvua kubwa. Bombani Kidawa alinipisha. Akasogeza ndoo yake pembeni.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua.

Jumamosi, 14 Desemba

Tulidhani Bwana Saa atafoka. Hakufoka. Alimwita Baba ofisini, akampa chai kwenye kikombe chenye kisosi, akamshukuru. Alisema kazi aliyoifanya Baba kwa asubuhi moja, yule wa zamani hakuifanya kwa miaka ishirini.

Baba ametueleza yote wakati wa kula. Kampuni inataka mtu mmoja kazi moja. Wachache, wa kudumu, kwa mkataba. Nyumba za matofali. Zahanati. Jioni darasa la watu wazima, na Baba ndiye atakayelifundisha. "Kibarua amekufa," alisema, "sasa kutakuwa na mfanyakazi. Leo wananinunia, lakini pengine imetokea heri."

Mama alikuwa anamenya ming'oko, vile viazi vya porini. "Na shamba lao atalima nani?"

"Wake zao wapo."

"Wake zao wapo," Mama akasema vile vile, akaendelea kumenya.

Hapo ningeweza kusema. Baba, uliletewa neno. Nikala ming'oko.

Ijumaa, 20 Desemba

Wiki nzima tunaandikisha upya. Baba anauliza, mimi naandika, mtu anabandika dole gumba. Aliyepo ndiye anayeandikwa. Aliyeko Milola analima, hayumo.

Sipriani alipofika mezani alisema, "Andika polepole, binti mwalimu, nizoee. Miaka sita sijaitwa Sipriani asubuhi."

Baba akataka jina la kwanza kabisa kwenye rejista liwe la kwake mwenyewe. "Kiongozi atangulie," alisema. Nikaliandika: Laurenti, namba moja. Naye akabandika dole gumba lake kama wao, ingawa ni mtu wa kutia sahihi.

Mzee Likwata anaendelea kuja mstarini kila siku. Bwana Saa hajamwambia kitu.

Jumatano, 25 Desemba

Sipriani amepewa sikukuu kwa mara ya kwanza. Alikuja misani na shati jeupe. Aliketi benchi la mwisho, mbali nasi. Wakati wa kutoka Baba alimngoja mlangoni, naye akatokea mlango wa pembeni.

Jumamosi, 28 Desemba

Mvua. Sakafu ya saruji inatoa jasho.

Alhamisi, 2 Januari 1958

Huseni amekuja. Ametembea kutoka Milola siku mbili, amepita maji ya kiunoni, kuja kumpokea Sipriani. Mtu mfupi, mchangamfu, viganja vimepasuka kwa jembe. Alikuja moja kwa moja barazani kwetu, hakuwa amesikia lolote la uandikishaji.

"Shikamoo, mwalimu! Nasikia umekuwa mkubwa wetu. Tumepona!"

Baba alimkaribisha kiti. Akamweleza. Alieleza vizuri sana, kama somo, mkataba, kudumu, mtu mmoja kazi moja. Huseni alisikiliza huku akitabasamu, tabasamu likawa linabaki peke yake usoni.

"Sawa, mwalimu. Lakini lile jina lilikuwa langu."

"Lilikuwa. Sasa Sipriani ameandikwa kwa la kwake."

"Na mimi?"

"Nafasi zikipatikana."

"Mimi nimepanda mashamba mawili, mwalimu. La kwangu na la Sipriani. Sasa hivi nani wa kwenda kupalilia? Yeye yuko huku, harudi. Mimi huku sina changu. Nipalilie la kwake kwa nini?" Hakuwa akigomba. Alikuwa anauliza kweli, kama alivyokuwa akiuliza hesabu za kutoa. "Au niliache lake liote majani? Mkewe ana mimba."

Baba alivua miwani akaifuta. "Huseni, mambo yanabadilika."

"Ndiyo, mwalimu."

Alikwenda kambini kuonana na Sipriani. Waliketi kwenye kizingiti cha Sipriani mpaka alasiri. Niliwaona nilipokwenda bombani, bega kwa bega, hawazungumzi. Kisha Huseni akashika njia.

Jumatatu, 6 Januari

Mvua. Darasa la watu wazima limefunguliwa. Amekuja mtu mmoja, mlinzi, kwa kuwa mahali pake pa kukaa ni hapo hapo.

Jumamosi, 11 Januari

Mzee Likwata ameachishwa. Bwana Saa alimngoja mpaka uandikishaji umalizike, maana alimhitaji kuwatambua watu. Barua iliandikwa kwa Kiingereza. Baba ndiye aliyetakiwa kuisoma kwa Kiswahili mbele ya mstari, na mimi nilikuwa na rejista.

Baba alisoma. Sauti yake haikuwa ya shuleni. Alipomaliza, Mzee Likwata alitoka mstarini akamjia taratibu. Akavua kofia yake ya kiua. Akainamisha kichwa, kile kichwa cheupe, akasema kwa sauti ambayo watu wote waliisikia:

"Shikamoo, bwana."

Mzee aliyemzidi Baba miaka karibu ishirini. Bwana, siyo mwalimu. Baba alifungua kinywa. Marahaba hakuweza kuisema, na kuacha kuijibu hakuweza. Alibaki vile. Mzee akavaa kofia yake na kwenda kufunga mizigo.

Nyumba za kambini ni za wenye kazi tu. Mchana Kidawa alikuwa ametia vyungu kwenye tenga, mvua inamchuruzika usoni. Nilikwenda kumsaidia kushika kamba.

"Acha," alisema.

"Kidawa..."

"Nilikupa neno. Ulimpa?"

Nilinyamaza. Nilinyamaza, Mungu wangu, na yeye akauchukulia ukimya wangu kuwa ni ndiyo.

"Basi ndivyo baba yangu anavyosema. Baba yako alipelekewa, akajua, akaita majina hivyo hivyo, apate kikombe chenye kisosi. Kambi nzima inajua." Akafunga fundo kwa meno. "Wewe sikukasirikii. Wewe ulitumwa tu."

Hata hilo, kwamba hanikasirikii, nalo nimeliiba.

Jumapili, 12 Januari

Sikupokea komunyo. Nilimwambia Mama kichwa kinauma.

Jumanne, 21 Januari

Mvua. Mvua. Kuna konde la jirani limezama lote.

Jumatatu, 3 Februari

Tangazo jipya limebandikwa kwenye mlango wa ofisi. Bwana Saa alitoa maneno, Baba akayatia Kiswahili, mimi nikanakili kwa herufi kubwa: Mfanyakazi yeyote aliye katika rejista, asipohudhuria siku tatu mfululizo bila barua ya daktari, nafasi yake itatolewa kwa mwingine. Baba alibadilisha neno mara mbili ili lisomeke kwa upole. Halikukubali.

Jumatano, 19 Februari

Nikodemo wa bweni la tatu alikuja Jumapili kuomba ruhusa. Mtoto wake amezidiwa huko kwao. Baba alimwonyesha tangazo. "Nikupe wewe, kesho nimnyime mwingine kwa nini?"

"Zamani, mwalimu, ningemwita ndugu yangu akanisimamia."

"Zamani ilikuwa udanganyifu."

"Ilikuwa udanganyifu," Nikodemo akakubali. "Lakini nilimzika babangu kwa udanganyifu huo, na kazi nikaikuta."

Amekwenda. Leo ni siku ya tatu. Nimelipiga jina lake mstari kwa rula. Aliyeingia mahali pake ametoka mbali, ng'ambo ya Ruvuma, hana kwao kwa kulima, na Bwana Saa anasema hao ndio wafanyakazi.

Hapo mwanzo nilimwona Baba kama mtu aliyeonewa. Kisha kwa wiki kadhaa nilimchukia, nimeandika neno hilo na sifuti. Sasa namtazama akila, anavyotafuna upande mmoja kwa ajili ya jino, anavyotuuliza mimi na Mama tumeshindaje kwa kuwa siku nzima hakuna aliyemsemesha isipokuwa kwa kazi, na sijui tena naona nini. Anakaa darasani saa nzima kila jioni na taa. Mlinzi naye ameacha kuja.

Jumatatu, 10 Machi

Baba ameamka na homa. Alivaa viatu, akafika mlangoni, akaketi chini kwenye saruji. Amekwisha meza vidonge vya zahanati vyote viwili. Bwana Saa mwenyewe aliita mstari.

Jumanne, 11 Machi

Homa haijashuka. Mama anamkanda. Hospitali ni Lindi, na daraja limechukuliwa na maji tangu Ijumaa, lori halipiti. Bila Lindi hakuna daktari, bila daktari hakuna barua. Baba anajua hilo kuliko sisi. Alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya shuka: Jumatatu, Jumanne.

Mchana Mama alipokwenda kuchota maji nikapiga magoti kando ya kitanda. Sijui nilipata wapi kinywa. Nilimwambia yote, ghala la nyuzi, neno la Mzee Likwata, mlango, vidole. Nilimwambia wote wanaamini aliletewa neno akalidharau.

Alivuta shuka hadi kifuani.

"Kumbe Likwata alinitumia neno," alisema. Kisha: "Mzee wa watu."

"Nisamehe, Baba."

"Ungeniambia," alisema, macho yako darini, "ningeona mnyapara asiyejua kusoma ananifundisha kazi. Ningeyaita tu majina."

Sijui kama alisema hivyo ili kunipunguzia au ndiyo kweli. Lililonisumbua ni kwamba alikuwa analia, na alisema kama mtu anayekubali hesabu iliyosahihishwa na mwingine.

Jumatano, 12 Machi

Leo siku ya tatu. Alfajiri Baba alijaribu kusimama mara mbili. Mara ya pili Mama alimkamata kiunoni akamrudisha kama mtoto. Nikachukua rejista, kidau na gunia la kujifunikia, nikaenda mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Niliwaza tu: nitamsimamia.

Mstari ulikuwa umejipanga. Bwana Saa chini ya mwavuli. Nilimwambia kwa sauti ambayo sidhani ilifika, kwamba baba yangu hajiwezi na mimi nimekuja kuita badala yake. Aliitikia kwa kichwa. "Ita."

Nikafungua. Jina la kwanza ni lake.

Sikuweza kulisoma. Bwana Saa alikuja akatazama juu ya bega langu, akalisoma yeye. "Laurenti."

Mvua juu ya mabati ya mashine.

"Laurenti yuko wapi?" Hakuniuliza mimi. Aliuuliza mstari, kama siku ile.

Yalihitajika maneno matatu tu, shamba namba sita. Bwana Saa hata hangekwenda kutazama, njia imezama. Mimi nilijua, wao walijua, na nadhani hata yeye alijua, maana alingoja zaidi ya anavyongoja siku zote. Nilimtazama Sipriani. Sipriani aliyefundishwa kusoma na Baba, aliyepewa kaptula ya kwanza na Mama. Kinywa chake kilitikisika. Kisha akatazama miguu yake, vile vile kama siku ile ya Desemba, na wa pembeni yake akatazama miguu yake, hadi mwisho wa mstari.

Ningeweza kuwaambia Baba hakujua. Mimi ndiye niliyekalia neno. Watu sabini walikuwa hapo wananisikiliza, na sitapata tena mahali pengine pa kulisemea.

Vidole vilikuwa vimeshika kalamu. Angalau havikuwa mdomoni.

"Andika," Bwana Saa alisema.

Nikaandika: Hayupo. Nikaweka rula, nikapiga mstari. Kisha nikaita majina yote yaliyobaki, moja moja, na kila mtu akaitika kwa jina lake.

Baadaye ofisini Bwana Saa aliipitia rejista. Alisema anasikitika sana, kanuni ni za wote, na nyumba tunaweza kukaa mpaka mwisho wa mwezi. Akageuza ukurasa, akausogeza dirishani penye mwanga. Akauliza mwandiko huu nimejifunza wapi. Akauliza kama najua kupiga taipu, kwa sababu kuanzia Jumatatu atahitaji mtu, na mwenye kazi hukaa na nyumba yake.

Aliuliza kwa Kiingereza. Nami nikamjibu kwa Kiingereza, kwamba ndiyo, bwana, najua. Sijawahi kugusa taipu. Lakini maneno yalikuja yenyewe, masafi, yamepangika, hayakukwama hata mahali pamoja.